Ninauza dawa ya ukungu, na ninataka kiazi kisichoihitaji

Nitangaze maslahi kwanza. Nina duka la pembejeo hapa Uyole, Mbeya, na tangu mvua zinaposhika mwezi wa kumi na moja hadi zinapokatika, kinacholipa kodi ya fremu yangu si mbolea wala mbegu. Ni dawa ya ukungu wa viazi. Wateja wangu wanashuka kutoka Tembela, Ilungu na vijiji vya juu kwenye milima ya Uporoto, na baada ya salamu neno lao ni lilelile: viazi vimeanza kuungua. Kwa hiyo ukinisikia nasema natamani kifike huku kiazi kisichougua ukungu, ujue nasema hivyo huku droo yangu ya pesa ikininunia.

Lakini swali ninaloulizwa zaidi dukani si la ukungu. Mama anashika mfuko wa mahindi, anaugeuza mbele na nyuma, kisha anauliza: "Mwanangu, hii siyo GMO?"

"Hapana mama, hii ni chotara."

"Chotara si ndiyo hiyohiyo?"

Siyo hiyohiyo. Chotara hupatikana kwa kuchavusha mahindi ya aina moja kwa chavua ya aina nyingine, kazi ambayo upepo huifanya bure shambani, ila hapa inasimamiwa na mtu. H614 ya Kenya imelimwa nyanda hizi tangu enzi za wazazi wetu, na UH615 na UH6303 zimezaliwa hapahapa, kwenye kituo cha utafiti cha Uyole. Ukipanda punje ulizovuna, mavuno yanashuka kwa sababu watoto wa chotara hawafanani na wazazi wao. Hakuna aliyeficha kitu ndani ya punje ili urudi dukani. (Kurudi unarudi, na mimi sikatai.) Nyanya za Ilula zile ngumu, zinazofika Dar es Salaam bila kupasuka, nazo ni kazi ya kawaida ya kuchagua na kuchavusha. Nyanya ya GMO iliwahi kuwepo kweli. Iliingia sokoni Marekani mwaka 1994 na kabla miaka ya tisini haijaisha ilikuwa imeshatoweka madukani, kwa sababu za kibiashara. Mbegu ya GMO iliyoruhusiwa kuuzwa kwa mkulima wa Tanzania haipo, kwa hiyo jibu langu kwa mama ni rahisi. Kinachonisumbua ni kwamba hofu yote inamalizikia kwenye mfuko wa chotara usiohusika, na mambo yanayostahili kuulizwa hayaulizwi.

GMO yenyewe ni hivi: mtu amechukua jeni, yaani kipande cha maelekezo yaliyomo ndani ya seli, kutoka kiumbe kimoja na kukipachika ndani ya kingine bila kupitia uchavushaji. Mbebaji anayetumika sana ni bakteria wa udongoni aitwaye Agrobacterium, ambaye alikuwa akiifanya kazi hiyo kabla maabara yoyote haijajengwa. Anaingia kwenye jeraha la mmea na kuupachika vinasaba vyake. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza sampuli 291 za viazi vitamu vinavyolimwa, wakakuta zote zina vipande vya vinasaba vya bakteria wa kundi hilo, vilivyoingia zamani sana bila mkono wa mtu. Kiazi kitamu unachonywea chai asubuhi kilishabadilishwa vinasaba na maumbile. Hilo halithibitishi kwamba kila GMO ni salama. Linaondoa tu ile hoja kwamba kuchanganya jeni za viumbe wawili ni laana kwa asili yake. Wateja nikiwaambia wananicheka, wanadhani nafanya biashara.

Kusini hii tuna historia na mdudu ambayo vijana wengi hawaijui. Zamani pamba ililimwa kwenye mabonde yenye joto ya Mbeya na mikoa mingine ya kusini. Mwaka 1968 serikali ikapiga marufuku, kwa sababu funza mwekundu wa vitumba alikuwa anapanda kutoka nchi za kusini mwetu, na pamba yetu ingekuwa ngazi yake ya kufikia Shinyanga na Mwanza. Kwa taifa ulikuwa uamuzi wa busara. Kwa mkulima wa kusini ulikuwa mchungu, maana aliacha zao la fedha ili kulinda zao la mwenzake, na kwa miongo iliyofuata ukanda huu ukawa karantini. Ndiyo maana katikati ya miaka ya 2000, serikali ilipotangaza nia ya kujaribu pamba ya GMO, macho yalielekezwa huku. Mkulima hakuwahi kuiona mbegu hiyo.

Iliyokusudiwa ni pamba ya Bt. Herufi hizo mbili ni za Bacillus thuringiensis, bakteria anayetengeneza protini inayoua viwavi. Kiwavi akiila, inayeyuka katika utumbo wake usio na tindikali, inashika kwenye vipokezi vya ukuta wa utumbo na kuutoboa. Tumbo la binadamu lina tindikali na halina vipokezi hivyo. Wakulima wa kilimo hai wamepuliza bakteria huyohuyo kwa miongo mingi bila mtu kupiga kelele. GMO inachofanya ni kuuwezesha mmea utengeneze protini hiyo wenyewe, hivyo kiwavi anakufa akiwa amejificha ndani ya kitumba, mahali ambapo bomba la kupulizia dawa halifiki.

Matokeo yake sasa. Burkina Faso ilianza kulima pamba hiyo kibiashara mwaka 2008. Kupuliza dawa kulishuka kutoka karibu mara sita kwa msimu hadi mbili, mavuno yakapanda, wakulima wakaipenda. Kisha viwanda vikagundua kwamba nyuzi zimekuwa fupi. Pamba ya Burkina ilikuwa na sifa ya nyuzi ndefu na bei yake ilisimama juu ya sifa hiyo. Kufikia msimu wa 2016 walikuwa wameiacha. Jeni ya kuua mdudu ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Kilichoharibika ni aina ya pamba waliyoipachika, na aliyepata hasara hakuwa aliyeuza mbegu peke yake. Mimi ninaona kisa hiki kina somo zaidi kwa mkulima kuliko picha zote za kutisha zinazozunguka kwenye WhatsApp.

India nayo iliruhusu pamba ya Bt mwaka 2002 na sasa inafunika zaidi ya asilimia 90 ya mashamba yao ya pamba. Miaka ya mwanzo funza walipungua sana. Ila ushauri wa wataalamu ulikuwa kwamba kila mkulima aache sehemu ya shamba yenye pamba ya kawaida, ili wadudu wasio sugu waendelee kuzaliana na kuuzimua usugu. Wengi hawakuacha. Mwenye ekari mbili utamwambiaje atenge kipande cha kulisha funza? Kabla ya miaka kumi kwisha, funza wa waridi alikuwa ameanza kula pamba ile katika jimbo la Gujarat, na hata toleo la pili lenye protini mbili halikumzuia muda mrefu. Wakulima wakarudi kwenye bomba, safari hii wakiwa na mbegu ya bei ya juu.

Usugu si ugonjwa wa GMO peke yake, na hapa mwenye duka nina la kusema. Ukungu wa viazi ulishajenga usugu dhidi ya metalaksili, dawa ya kupenya, sehemu nyingi duniani tangu miaka ya themanini. Marekani walipopanda soya na pamba zinazovumilia glaifoseti na kupuliza kiuagugu hicho bila kupumzika, walijizalishia magugu sugu, na mojawapo linalosumbua sana ni ndugu wa mchicha wetu, Amaranthus palmeri. Ukitumia silaha moja kila msimu, adui anajifunza.

Sasa turudi Uporoto, maana huko ndiko niliko na hoja.

Ukungu wa viazi, Phytophthora infestans, ndio ulioiangusha Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuua watu wapatao milioni moja kwa njaa na maradhi. Unapenda baridi na unyevu, yaani unapenda Uporoto, Umalila, Makete na Njombe. Ukiuachia, shamba lililokuwa kijani linaweza kuwa jeusi ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo kifuku chote watu wanapuliza kila wiki, na mvua zikizidi hawasubiri wiki iishe. Dawa kubwa ni mankozebu, ile ya unga wa njano. Mwishoni mwa mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutoongeza muda wa kibali chake, kwa sababu za afya ya uzazi na homoni. Huku kwetu inachanganywa kwenye ndoo kwa fimbo, wakati mwingine kwa mkono, anayepuliza amevaa kandambili, bomba linavuja mgongoni, na mtoto ndiye anayechota maji. Ninauza glavu na barakoa. Waulize wenye maduka wenzangu tunauza ngapi.

Hapo ndipo mjadala wa GMO unaponichosha. Watu wanalinganisha mbegu ya maabara na shamba safi la bibi lisilo na kemikali, na shamba hilo kwenye viazi halipo tena. Kiazi cha GMO kilinganishwe na kiazi kilichopulizwa mankozebu msimu mzima, maana ndicho tunachokula.

Na kiazi chenyewe kipo. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, CIP, chenye makao yake Lima, Peru, kilichukua jeni tatu kutoka kwa ndugu wa porini wa kiazi huko Amerika na kuzipachika kwenye aina iitwayo Victoria. Kila jeni ni mbwa wa ulinzi mwenye pua yake: inatambua harufu fulani ya ukungu unapoingia kwenye jani, na seli za hapo zinajiua kabla ugonjwa haujasambaa. Mbwa mmoja mwizi atamzoea. Watatu kwa pamoja si rahisi. Majaribio ya shambani yalifanyika Uganda, pamoja na wilaya ya Kabale yenye baridi kama yetu, na viazi hivyo vilisimama karibu bila ukungu kabisa pasipo kupulizwa dawa yake. Victoria hiyo ndiyo Wakenya wanayoiita Asante, na Asante imeshapita hata kwenye mashamba yetu.

Mtu atauliza kwa nini wasichavushe tu. Wamejaribu. Mmoja wa ndugu hao wa porini, Solanum bulbocastanum wa Mexico, hakubali kuchavushana moja kwa moja na kiazi cha kulimwa. Waholanzi walimzunguka kupitia aina za kati, hatua kwa hatua, na iliwachukua miaka 46 kutoa aina mbili zenye jeni yake moja. Jeni moja, miaka 46. Na kiazi kikichavushwa kinapoteza sura yake: rangi, ladha, kinavyokauka kwenye chipsi, vyote vinachanganyika upya. Kwa kupachika jeni, Asante inabaki Asante.

Hapa Tanzania tulianza jambo kama hili tukaliacha njiani. Kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009 zilimfanya kila aliyehusika na GMO awajibike kwa madhara hata kama hakufanya kosa, hivyo hakuna mtafiti aliyethubutu. Mwaka 2015 zikalegezwa upande wa utafiti, na Oktoba 2016 mahindi ya kustahimili ukame yakapandwa kwa majaribio kule Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaagiza majaribio yasimamishwe na masalia yateketezwe. Januari 2021 waziri wa kilimo akatangaza kwamba nchi haiendelei na utafiti huo.

Sina ugomvi na serikali kuzuia mbegu isiuzwe. Ninachokataa ni kuzuia isipimwe. Sasa hivi mama akiniuliza kama kiazi hiki kingestahimili ukungu wa Ilungu, sina jibu la Ilungu. Nina jibu la Kabale.

Kuhusu sumu nitasema kidogo, maana ndipo kelele zilipo nyingi na mambo yenyewe ni machache. Mwaka 2012 ilichapishwa tafiti ya Kifaransa yenye picha za panya wenye uvimbe mkubwa, waliolishwa mahindi ya GMO. Kenya ikapiga marufuku uingizaji Novemba hiyohiyo. Panya wale ni wa aina inayoota uvimbe kwa urahisi wakizeeka, na kila kundi lilikuwa na kumi tu. Jarida likaiondoa tafiti hiyo mwaka 2013, ingawa baadaye ilichapishwa kwingine. Marufuku ya Kenya ilidumu hadi Oktoba 2022, na hata baada ya kuondolewa kesi zikaendelea mahakamani. Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilipitia tafiti mamia kwa mamia na mwaka 2016 ikasema hakuna ushahidi kwamba vyakula vya GMO vilivyopo sokoni ni hatari kwa afya kuliko vya kawaida. Wakati huohuo, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu kwenye mahindi ya kienyeji kabisa, yaliyohifadhiwa vibaya. Hayo picha zake hazisambai.

Jambo la mipaka lina uzito zaidi kwetu watu wa nyanda za juu. Tunduma tunapakana na Zambia, Kasumulu na Malawi. Mwaka 2002 Zambia, ikiwa na njaa, ilikataa mahindi ya msaada kwa sababu ya GMO, na majirani zake wengine wakayapokea kwa sharti kwamba yasagwe kwanza. Kusaga kulikuwa na akili: unga haupandwi. Malawi nayo imeruhusu pamba ya Bt. Mahindi chavua yake inaruka na punje zake zinapita mpakani ndani ya kiroba, hivyo siku majirani wakiamua kulima mahindi ya Bt, uamuzi wetu hautalindwa na karatasi. Utahitaji watu wanaojua kupima. Na tukiwaambia wataalamu wetu wasiiguse teknolojia hii, ni nani atakayeitambua ikiingia?

Kwa kiazi mambo ni tofauti, na ndiyo sababu ningependa tuanze nacho. Kiazi hapa hakina ndugu wa porini wa kuchavushana naye. Hakipandwi kwa chavua wala kwa chotara ya kila mwaka. Unapanda kiazi, unavuna kiazi kilekile, na jeni zake tatu zinabaki humo. Mkulima anaweza kuweka mbegu yake, akampa shemeji, akauza debe kwa jirani. Anayeogopa kampuni kubwa kumbana mkulima kwa hakimiliki ana haki ya kuogopa kwenye mahindi na pamba, ambako mbegu inanunuliwa upya na jeni nyingi zina wenyewe. CIP ni taasisi ya utafiti isiyo ya kibiashara. Hata hivyo ningetaka kuona imeandikwa, tena kwa Kiswahili, kwamba kumpa shemeji mbegu si kosa, kwa sababu tangu sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu ya mwaka 2012 kubadilishana mbegu zilizosajiliwa si jambo la kudhania tu kwamba linaruhusiwa.

Halafu kuna kikwazo ambacho wanaopinga GMO hawakitaji, na wanaoipigia debe nao hawakitaji: mnyauko bakteria. Kiazi kinasinyaa mchana wakati udongo una maji, ukikata shina linatoa ute mweupe, na hakuna dawa. Si dukani kwangu wala kwingine. Bakteria wake, Ralstonia, anakaa udongoni kwa miaka na anasafiri ndani ya mbegu inayoonekana nzima kabisa. Jeni tatu za ukungu hazimgusi. Na mbegu nyingi za viazi milimani zinapita kwa njia hiyohiyo niliyoisifu: kwa shemeji, kwa jirani, viazi vidogo vilivyobaki baada ya kujaza lumbesa. Kiazi kisichougua ukungu kitapendwa, kitagawanywa haraka kuliko aina yoyote iliyowahi kuja, na kila shamba linalokigawa likiwa na mnyauko, mnyauko utapanda nacho bodaboda.

Uyole wanazalisha mbegu safi, lakini haitoshi, na anayeipata ni mwenye gari au mwenye kikundi. Mteja wangu wa kawaida hajawahi kupanda mbegu iliyokaguliwa. Ningekuwa mimi ndiye ninayepanga fedha za mradi, ningeanza na wazalishaji wa mbegu za daraja la kuazimiwa, yaani zile wanazozalisha wakulima wenyewe vijijini chini ya ukaguzi, katika kila kata ya viazi, wakizidisha Asante na Kikondo hizihizi za kawaida, shamba likikaguliwa mnyauko kabla mbegu haijatoka. Kazi hiyo haihitaji kibali cha GMO wala kungoja waziri abadili msimamo. Siku kibali cha majaribio kikitoka, njia ya kumfikia mkulima wa Ilungu itakuwa wazi, na kisipotoka, mkulima huyo atakuwa ameshapata mbegu isiyo na ugonjwa.